Ziwa Moja, Majibu Mawili

Mwaka 1991, mkoani Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria, watafiti walichukua vituo 12 vya afya vya vijijini, kila kimoja na zahanati zake na vijiji vyake, wakavipanga kwa jozi sita: cha visiwani na mwenzake wa visiwani, cha barabarani na mwenzake wa barabarani. Kura ikaamua nani katika kila jozi aanze.

Vilivyoanza viliboreshewa matibabu ya kisonono, kaswende na magonjwa mengine ya zinaa. Wahudumu walifundishwa, dawa hazikukatika, msimamizi alipita mara kwa mara, na wanakijiji walielimishwa. Swali lilikuwa kama kutibu magonjwa hayo kutapunguza maambukizi ya VVU, kwa kuwa kidonda sehemu za siri humfungulia kirusi mlango.

Kwa nini wasilinganishe tu hali ya mwanzo na ya mwisho? Kwa sababu miaka ile kila redio ilihubiri habari za UKIMWI, na hesabu ingeweza kupanda au kushuka hata bila mradi. Na kwa nini kura ya vijiji, si ya mtu mmoja mmoja? Ukimtibu mume, umemkinga pia mkewe ambaye hajatia mguu zahanati. Kinga ya namna hiyo haionekani mpaka uitazame jamii nzima.

Baada ya miaka miwili, wakazi waliochaguliwa mwanzoni, takriban 1,000 kila eneo, walifuatiliwa tena. Miongoni mwa waliopatikana, maambukizi mapya yalikuwa asilimia 1.2 palipoboreshwa huduma na 1.9 kwingine: pungufu ya kama asilimia 40. Mwenendo wa ngono, kwa maelezo ya watu wenyewe, haukutofautiana. Lakini kinachonivutia mimi ni kwamba jozi zote sita zilielekea upande mmoja. Rusha sarafu mara sita: kupata kichwa mara zote ni bahati ya moja kati ya 64. Katika utafiti wa jamii, mizani hubeba jozi zile sita. Wingi wa watu waliopimwa damu hauwezi kufidia uchache wa jozi.

Matokeo yalichapishwa 1995, wengi wakashangilia. Kisha, mwaka 1999, yakaja ya Rakai, ng'ambo ya ziwa hilohilo, nchini Uganda. Huko timu zilikwenda nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi kumi, zikigawa dawa kwa watu wazima wote, wenye dalili na wasio nazo. Kaswende ilipungua. VVU havikupungua hata kidogo: watu 1.5 kwa kila 100 kwa mwaka, pande zote mbili, palipogawiwa dawa hizo na kwingine.

Wapo waliodhani utafiti mmojawapo umekosea hesabu. Sidhani. Utafiti ulipoanza, Rakai ilikuwa na VVU kwa karibu asilimia 16 ya watu wazima, Mwanza kama asilimia 4. Pale ambapo kirusi kimeshaenea hivyo, hupita hata kwa wenza wasio na ugonjwa mwingine wowote wa zinaa. Tena vidonda vingi vya Rakai vilitokana na malengelenge ya sehemu za siri, ambayo ni kirusi, na antibayotiki haikigusi. Halafu ipo tofauti ya kawaida kabisa: mwenye usaha wa Mwanza alikuta zahanati wazi na dawa kabatini wiki ileile alipougua. Wa Rakai aliyeambukizwa upya siku chache baada ya timu kuondoka, timu hiyo ingemrudia baada ya miezi kumi.