Kishoka cha zamani kutoka sokoni: soma alama yake kabla ya kukitia moto

Mpini ukivunjika ndani ya tundu la kishoka, wengi hukitupa kwenye makaa ili kipande kilichobaki kiungue. Ni njia ya haraka, na ndiyo inayoharibu vishoka vizuri. Makali ya pua yakifika rangi ya buluu, karibu nyuzi 300, yamelainika: utayanoa asubuhi, saa sita yamekuwa butu. Mashini ya umeme ya kunolea inafanya vilevile. Kipande hicho kikatwe kwa msumeno, kisha kitobolewe na kusukumwa nje.

Kwa wakaaji wa Kivu wanaonunua vyombo vilivyotumika, swali la kwanza ni asili. Shoka la wahunzi wetu lina mkia unaopenya mpini. Kwa kishoka cha kiwanda, mpini ndio unaopita ndani ya chuma. Kikiwa na pengo la kung'olea misumari, kilikuwa cha seremala, si cha kuni.

Kisha alama. Mkono wenye nyundo ukitoka kwenye taji, pamoja na neno Legitimus, ni alama ya Collins, kampuni ya Marekani iliyoanza 1826 katika jimbo la Connecticut na kufunga kiwanda chake huko 1966. Neno hilo la Kilatini, «halali», liliwekwa juu ya waigaji. Lakini jina la Collins liliendelea kutumika Amerika ya Kusini, basi alama peke yake haitoshi kutaja umri.

Wauzaji wengine hukipiga mashini king'ae, na alama inafutika. Mimi ningelipa zaidi kwa chenye kutu. Kilaze usiku mmoja ndani ya vinegre, sugua kwa brashi, osha, kausha, paka mafuta. Vinegre inaonyesha jambo lingine: vishoka vingi vya kale ni chuma laini kilichounganishwa na pua kwenye makali tu, na pua inageuka nyeusi zaidi. Ikiwa imebaki kidogo sana, muachie muuzaji.

Noa kwa tupa, polepole. Tupa ikikata kama kwenye msumari, makali yalishaungua.

Mpini uwe wa mti mkavu, nyuzi zake zikienda kwa urefu, na kabari ndani. Kukiloweka ndani ya maji ili kikaze ni hatari: mti unavimba, unakauka, kisha kichwa kinaruka. Wala usipake mawese. Hayakauki, na mpini utateleza mkononi.