Hotuba Isiyokuwamo Katika Ratiba

Sherehe kubwa za dola hupangwa kama harusi ya watu wenye uwezo. Kila mgeni huwekewa kiti chake, kila msemaji hupewa zamu yake, na wenye shughuli hutaraji mambo yaende kama yalivyoandikwa. Walakini hutokea siku ikatoka nje ya karatasi, na watu wakaja kuikumbuka kwa lile lisiloandikwa. Siku ya namna hiyo ilikuwa tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilipopata uhuru wake kutoka kwa Ubelgiji katika mji wa Léopoldville, ambao tangu mwaka 1966 huitwa Kinshasa. Twapenda kuisimulia hapa kwa sababu ndani yake mna jambo limpasalo kila mzazi na kila mwalimu, nalo ni namna ya kuwataja waliotutangulia mbele ya watu waliodhulumiwa nao.

Dalili ilionekana tangu siku ya kutangulia. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, kijana wa miaka 29, alikuwa akipita mjini amesimama ndani ya gari la wazi, amevaa nguo zake za kijeshi, na watu wamejipanga kandokando ya njia. Mara mtu mmoja akatoka katika umati, akaunyakua upanga wa Mfalme na kukimbia nao. Askari walimkamata papo hapo, na msafara ukaendelea. Lakini mpiga picha mmoja alikwisha kupiga picha, nayo ikaenea duniani.

Asubuhi ya pili wakubwa walikusanyika katika jumba la Bunge. Ratiba ilikuwa na hotuba mbili tu: ya Mfalme, kisha ya Rais mpya, Bwana Joseph Kasavubu. Waziri Mkuu, Bwana Patrice Lumumba, ambaye chama chake kilipata viti vingi kuliko vyama vingine katika uchaguzi wa Mei mwaka ule, hakuwekewa zamu ya kusema.

Mfalme akasimama. Akasema kwamba uhuru ule ni tunda la kazi iliyobuniwa kwa akili kubwa ya Mfalme Leopold wa Pili, na kwamba Leopold hakuja kama mtekaji bali kama mleta ustaarabu. Kisha akawausia Wakongo wasiwe na haraka ya kubadili yale waliyoachiwa na Ubelgiji.

Sasa tumtazame huyo aliyesifiwa. Leopold wa Pili alikuwa ami wa babu yake Baudouin. Tangu mwaka 1885 hata 1908 aliimiliki Kongo kama shamba lake mwenyewe, wala hakuikanyaga hata siku moja. Watu walilazimishwa kwenda mwituni kugema mpira. Wanawake walishikwa rehani mpaka waume zao walete kiasi kilichotakiwa. Na askari walikata mikono ya watu, wapate kuonyesha kwamba risasi walizopewa hazikupotea bure. Kelele za dunia zilipozidi, serikali ya Ubelgiji ilimwondolea nchi ile mwaka 1908 na kuitawala yenyewe. Katika jumba lile walikuwamo watu waliosimuliwa habari hizo na wazee wao. Wahenga walisema: mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Rais Kasavubu naye alisema maneno yake kwa upole. Ndipo Spika alipompa nafasi Bwana Lumumba, na waliopanga sherehe wakabaki kutazamana.

Lumumba hakuanza kwa kumwelekea Mfalme. Aliwaelekea wananchi wenziwe. Akawaambia kwamba uhuru haukuwa zawadi, bali umepatikana kwa mapambano, machozi na damu. Akataja kazi za kuchosha zenye ujira usiotosha chakula wala nguo wala malezi ya watoto. Akataja matusi na mapigo, na ardhi iliyochukuliwa kwa sheria zilizokuwa moja kwa mweupe na nyingine kwa mweusi. Akataja hata jambo la lugha: Kifaransa kina maneno mawili ya kumwita mtu "wewe", moja la heshima na jingine la kumwitia mtoto au mtu wa karibu, na mtu mweusi, angawa mzee mwenye mvi, aliitwa kwa hilo la kitoto. Waliokuwamo walimkatiza mara nyingi kwa makofi, na walioko mbali wakamsikia kwa redio.

Mfalme alikasirika, shughuli zikachelewa, na ikahofiwa kwamba ataondoka saa ile ile. Wakubwa walimsihi akakaa, na katika karamu ya mchana Lumumba alisema maneno mengine, ya shukrani na ya kutuliza nyoyo.

Wako waliomlaumu Lumumba, wakasema mgeni haaibishwi mbele ya watu. Neno hilo lina uzito, kwani heshima ya mgeni ni katika dini yetu na katika mila zetu. Lakini adabu si deni la mwenyeji peke yake. Mgeni aingiapo nyumba ya watu, akamsifu mbele yao yule aliyewatesa babu zao, yeye ndiye wa kwanza kuivunja. Na kama ratiba ingempa Waziri Mkuu zamu yake, na Mfalme angalau angetaja dhuluma ile kwa neno moja, huenda maneno yale yangetoka kwa sauti nyingine.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Tarehe 5 Julai askari waliasi; tarehe 11 Julai Katanga ilijitenga; mwezi wa Septemba Lumumba aliondolewa madarakani; na tarehe 17 Januari 1961 aliuawa huko Katanga, mbele ya maofisa wa Kibelgiji. Maiti yake iliyeyushwa kwa asidi, na polisi mmoja wa Kibelgiji akaweka jino lake.

Wala sisi watu wa Pwani tusiyasome haya kama habari za Wazungu peke yao. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mashuhuri kwa jina la Tippu Tip, mtu wa Unguja, alipita huko huko akitafuta pembe na watumwa, na mwaka 1887 Leopold huyu huyu alimfanya liwali wake wa Stanley Falls, yaani Kisangani. Kwa misafara hiyo Kiswahili na Uislamu vilifika Kasongo na Nyangwe, na hilo hupenda kulitaja. Je, waliofungwa minyororo katika misafara hiyo hutajwa majumbani mwetu? Mtoto akituuliza, tumpe habari yote, nusu ya fahari na nusu ya huzuni. Kumtaja mzazi kwa haki si kumvunjia heshima.

Mwaka 2020, miaka 60 baada ya siku ile, Mfalme Philippe, mtoto wa nduguye Baudouin, alimwandikia Rais wa Kongo akieleza majuto yake kwa mateso ya zamani. Tarehe 20 Juni 2022 jino la Lumumba lilikabidhiwa kwa watoto wake mjini Brussels, na tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa. Majuto yale yaliandikwa wakati ambapo wengi wa waliostahili kuyasikia walikwisha kufa. Basi mwenye neno la haki juu ya wazee wake na alitamke mapema, angali yupo wa kulipokea.