Tezi ya Thiroidi na Homoni Itokayo Nje

Mbele ya koo, chini ya kikoromeo, ipo tezi yenye umbo la kipepeo iitwayo thiroidi. Hiyo hutengeneza thairoksini, homoni itawalayo kasi ya mwili kutumia chakula na kutoa joto. Bila homoni hiyo ubongo wa mtoto haukui ipasavyo. Je, mtu amezapo vidonge vya thairoksini, tezi yake huwaje?

Jibu limo katika pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Thairoksini ikipungua katika damu, pituitari hutoa homoni nyingine inayoichochea thiroidi. Ikizidi, uchochezi hupungua. Mfano wake ni tangi la maji lenye boya. Maji yakishuka, boya hushuka na kuufungua mfereji. Yakijaa, boya hupanda na kuufunga.

Kumeza vidonge ni sawa na kulijaza tangi kwa ndoo: mfereji hujifunga. Thiroidi hupunguza kazi, lakini haifi. Mwaka 1951 mtafiti wa Marekani, Monte Greer, alionyesha kwamba watu wenye tezi nzima waliopewa homoni ya thiroidi, tezi zao zilirudia kazi yake majuma machache baada ya kuiacha. Sivyo kwa mtu ambaye tezi yake imeharibika au imeondolewa. Mfereji wake umekauka. Akiiacha ndoo, tangi halitajaa. Huyo asiache dawa bila agizo la daktari. Wala mwenye afya asimeze vidonge hivyo ili apunguze unene, kwani homoni ikizidi moyo huenda mbio na mifupa hudhoofika.

Utaratibu huohuo ndio uletao rovu. Thairoksini hujengwa kwa iodini, ambayo wengi huiita madini joto. Iodini ikikosekana, homoni hupungua, pituitari huchochea bila kukoma, na tezi huvimba. Rovu la namna hii huzuiwa kwa kuupatia mwili iodini ya kutosha. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito 250.

Mkazi wa Kilwa au Lindi aweza kudhani kwamba bahari imekwisha kumtosheleza. Sivyo. Chumvi ivunwayo katika mashamba ya chumvi ya pwani hiyo huwa na iodini haba mno, hata kama imetokana na maji ya bahari. Ndiyo maana tangu katikati ya miaka ya 1990 kanuni za Tanzania zimetaka chumvi ya kula itiwe iodini. Hata hivyo, chunguzi za kitaifa za miaka ya 2000 na 2010 ziliikuta mikoa ya Lindi na Mtwara nyuma ya mingi katika matumizi ya chumvi hiyo, kwa kuwa wavunaji wadogo huuza chumvi ghafi karibu na nyumbani.

Basi yafaa kila mwanafunzi wa pwani aitazame chumvi ya jikoni kwao, aulize kama imetiwa iodini. Anayeihitaji kuliko wote ni mtoto aliye bado tumboni.