Maji ya Mfereji Yanaishia Wapi?

Kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 Lubumbashi karibu haipati mvua, na bustani za kandokando ya mto Kafubu zinaishi kwa arozwari ao kwa pompa. Pale wengi wanapotumia pompa moja, tunasikia kesi ileile: matuta ya juu yanashiba, lengalenga za chini zinanyauka, na esanse imeisha. Njo ugomvi unaanza. Mara nyingi hakuna mwizi wa maji. Ni udongo.

Katika mfereji kuna maji ya namna mbili kwa wakati mmoja: yanayokimbia juu ya udongo, na yanayozama ndani kupitia matundu yake. Yakizama upesi mno, hayafiki mwisho. Katika 1856, huko Dijon, Ufaransa, mhandisi Henry Darcy alipitisha maji katika mchanga. Aliona kwamba yakisukumwa kwa nguvu zaidi yanapita upesi, na mchanga ukiwa mnene yanachelewa. Lakini kila udongo una kipimo chake.

Udongo wetu mwekundu unadanganya. Una mfinyanzi mwingi, lakini chembe zake zinashikamana kuwa vibonge vidogo, na maji yanapita kati yake. Ukikanyagwa sana, matundu yanaziba. Kwa hiyo tupime, tusikisie.

Namna ya kupima

1. Twaa kopo, ondoa juu na chini, lizamishe cm 5 katika udongo.
2. Jaza maji, acha yazame yote. Udongo mkavu unakunywa upesi mwanzoni, usihesabu hayo.
3. Jaza tena. Kisha saa 1, pima yameshuka milimita ngapi. Yakiisha mbele ya saa, andika dakika.

Zaidi ya mm 30: fanya mifereji mifupi, fungulia maji ya nguvu kwa muda mfupi. Chini ya mm 5: mfereji unaweza kuwa mrefu, acha maji kidogo, muda mrefu.

Kwa arozwari, litre 10 juu ya mita 1 ya mraba ni mm 10. Udongo mzito hauwezi kuyanywa mara moja. Yatakimbia pamoja na mbegu na angre. Mwagilia kidogo, ngojea, rudia.

Pimeni mwanzo, katikati na mwisho wa mfereji, muandike katika daftari ya koperative. Kisha pangeni zamu za pompa kufuatana na namba hizo. Saa sawa kwa kila mtu si maji sawa.