Adui wa kioo ni punje ya mchanga

Msomaji wa Tanga anauliza. Mwanawe ameletewa mashine ya michezo ya Nintendo Switch 2 na mjomba wake anayefanya kazi Muscat. Fundi simu wa mtaani amemwambia asimruhusu mtoto kuicheza kabla haijabandikwa protekta. Jirani naye anashikilia kwamba vioo vya siku hizi ni imara, protekta ni kuwatajirisha wauzaji tu. "Nimsikilize nani?"

Ni swali zuri, na jibu lake limo ndani ya kioo chenyewe. Sitasimulia skrini inavyowaka wala inavyohisi kidole. Hayo yameandikwa sana. Tuingie moja kwa moja kwenye kioo.

Ukipiga hesabu ya nguvu zinazoshikanisha atomi za kioo, unapata kitu kinachostahili kuitwa imara kuliko vyuma vingi. Mbona basi bilauri ikiponyoka jikoni inasambaratika? Mwaka 1920 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya serikali ya utafiti wa ndege huko Farnborough, alitoa jibu ambalo bado tunalitegemea: kila kioo kina nyufa ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, na kuvunjika huanzia hapo. Alivuta nyuzi za kioo, akaona kwamba kadiri uzi unavyozidi kuwa mwembamba ndivyo unavyozidi kuwa imara kwa kila kipande cha eneo lake. Sababu ni kwamba katika uzi mwembamba sana ufa mkubwa hauna pa kukaa.

Ufa una hila moja: hukusanya nguvu kwenye ncha yake. Mwaka 1913 C. E. Inglis, katika hesabu alizowapa wahandisi wa meli, alionyesha kwamba ufa wenye kina kinachofikia mara 100 ya nusukipenyo ya ncha yake huzidisha mkazo pale nchani takriban mara 20. Chuma hulainika kidogo kwenye ncha hiyo, ncha ikawa butu, mambo yakaishia hapo. Kioo hakijui kulainika. Ncha inabaki kali, atomi zinaachana jozi baada ya jozi, na kabla hujakunja uso ufa umeshavuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Kwa hiyo anayetaka kioo imara hahangaiki kuondoa nyufa, kwa sababu haziondoleki zote. Anazibana ili zisifunguke. Hapa nahitaji maneno mawili yanayotofautiana waziwazi. Hali ya sehemu za kitu kusukumwa zikaribiane nitaiita mbano. Hali ya kinyume chake ningependa kuiita mvuto, lakini neno hilo wanafunzi wetu wamekwisha kulizoea kwa ile nguvu ya dunia inayoangusha maembe, kwa hiyo nitasema mvutano. Mvutano hufungua ufa, mbano huufunga. Ukilishika hilo umeshika makala nzima.

Sasa tazama mbano unavyotengenezwa. Kioo hutumbukizwa katika chumvi iliyoyeyuka, nitrati ya potasiamu, ambayo wakulima pia wanaijua kama mbolea, kwenye joto la nyuzi 400 hivi za Selsiasi. Ndani ya kioo mna ioni za sodiamu, kila moja ikiwa na nusukipenyo ya pikomita 102. Kwenye chumvi mna ioni za potasiamu zenye pikomita 138, yaani zimezidi kwa zaidi ya theluthi. Kwa saa kadhaa sodiamu iliyo karibu na uso wa kioo inatoka na kuingia kwenye chumvi, na potasiamu inakalia nafasi iliyoachwa.

Chukua daladala ya asubuhi, siti ya nyuma yenye abiria watano, wote wembamba, wamekaa kwa raha. Kituoni konda anawashusha watatu, na nafasi zao anawapa watatu wanene. Siti haikurefuka hata inchi. Sasa bega limekutana na bega, mapaja yamebanana, na waliokaa pembeni wanaisukuma bodi ya gari kuelekea nje. Akitokea abiria wa sita anayetaka kupenyeza nyonga yake katikati yao, hapati pa kuanzia. Akilazimisha, wale watano wanamrudisha bila hata kukusudia, kwa sababu kila mmoja wao anatafuta nafasi ya kupumua. Abiria huyo wa sita ndiye ufa. Bodi ya gari, inayosukumwa kulia na kushoto, ndiyo kiini cha kioo: yenyewe iko katika mvutano, maana mbano wa watu hauwezi kuwepo bila kitu cha kuuhimili. Na kama siti na bodi vingekuwa vya mpira laini, vyote vingetanuka, abiria wangestarehe, na wa sita angekaa. Ndiyo maana chumvi ile haichemshwi kupita kiasi. Joto likizidi mno, atomi za kioo hupata nafasi ya kujipanga upya, mbano unalegea, na kazi yote inapotea.

Kampuni ya Corning ya Marekani ilianza kuuza kioo cha namna hii miaka ya 1960, na tangu mwaka 2007, simu ya kwanza ya iPhone ilipotoka, kimekuwa uso wa vifaa tunavyoshika kila siku. Ngozi yenye mbano ina unene wa mikroni 40 hivi, sehemu nne kati ya mia za milimita. Ndani yake ufa unafungwa. Chini yake, kwenye mvutano, ufa unapewa njia.

Kwa maana hiyo swali la msomaji wetu linabadilika. La kuuliza ni hili: kitu gani kinaweza kuchimba mikroni 40? Funguo haziwezi kirahisi, kwa sababu chuma chake ni laini kuliko kioo. Sarafu haiwezi. Punje ya mchanga inaweza. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kioo kinasimama kati ya 5.5 na 6.5, na kwatzi, madini yanayojaza mchanga wa Kunduchi na vumbi la granaiti la Dodoma, inasimama kwenye 7. Mchanga mweupe wa Paje ni mwingine kabisa: umetokana na matumbawe na makombe, ni kabonati, na ugumu wake ni 3 hadi 4. Ukitaka kuutambua, udondoshee ndimu. Wa Paje utatoa povu, wa Kunduchi utalowana tu. Mtoto anayefuta kioo kwa shati lenye vumbi la kwatzi anakichimba; mwenye punje za Paje hakigusi.

Hapo jirani ana hoja nusu. Nusu iliyobaki ni ya fundi. Switch 2, kama ile Switch OLED ya mwaka 2021, inatoka kiwandani na utando wa plastiki juu ya kioo, wa kuzuia vipande visitawanyike kikipasuka. Nintendo wenyewe wanaonya usibanduliwe. Maana yake ni kwamba kinachokutana na shati la mtoto ni plastiki kabla ya kioo, na plastiki hukwaruzwa hata na mchanga wa Paje. Switch ya kwanza, ya mwaka 2017, uso wake wote ni plastiki.

Protekta ya kioo ina unene wa kama milimita 0.3, nyembamba mno kukazwa kwa joto na upepo kama kioo cha dirisha la gari, kwa hiyo iliyo bora nayo hupitishwa kwenye chumvi ileile. Kazi yake ni kuipokea mikwaruzo yote badala ya uso wa mashine, kisha kubanduliwa na kutupwa. Usibabaishwe na maandishi ya "9H" kwenye boksi. Hayo si 9 ya Mohs, ambayo ni daraja la yakuti, jiwe linalochimbwa Longido. Ni daraja la penseli: penseli ngumu inasukumwa juu ya uso kwa pembe ya nyuzi 45 ikiwa na uzito wa gramu 750, na uso usipochubuka unapewa alama. Hakuna penseli inayokaribia kwatzi.

Wenye mashine ya michezo ya Steam Deck wana hesabu yao. Toleo la gigabaiti 512 la mwaka 2022 na lile la OLED la terabaiti 1 la mwaka 2023 yana kioo kilichochorwa vinundu vidogo vinavyotawanya mwanga, ili usijione usoni ukicheza kibarazani. Gundi ya protekta huvijaza vinundu hivyo, na mwako unarudi. Hapo tumia ya aina isiyong'aa, au acha kabisa na utunze mashine kwenye mkoba wake.

Vioo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na mashine ikiangukia kona protekta haisaidii sana. Hilo halibadilishi hukumu.

Kwa msomaji wa Tanga: fundi ameshinda, kwa sababu ambayo huenda hakuitaja. Bandika protekta ya kioo juu ya ule utando wa kiwandani, na utando wenyewe usiuguse. Mashine yoyote yenye uso wa plastiki ibandikwe siku inapofika nyumbani. Yenye kioo kitupu ibandikwe ikiwa inasafiri kwenye begi moja na vumbi. Ikiwa inalala kwenye mkoba wake, jirani yuko sahihi. Na umfundishe mtoto jambo moja lisilogharimu shilingi: kabla ya kufuta kioo, apulize vumbi kwanza, kisha afute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo.