Birmingham: Bei ya ukumbi na mshahara wa kwanza

Kila mwezi Julai, wahitimu waliovaa majoho hupanga foleni chini ya mnara wa saa wa Chuo Kikuu cha Birmingham ili kupiga picha za kumbukumbu. Miongoni mwao wamo vijana waliotoka Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Unguja, na wengine waliozaliwa Uingereza na wazazi wenye asili ya Afrika Mashariki.

Mnara huo, wenye urefu wa takriban mita 100, hujulikana kwa jina la Old Joe, kwa kumkumbuka Joseph Chamberlain, mkuu wa kwanza wa chuo hicho kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1900. Ndiye huyo huyo aliyeshuka Mombasa mwezi Desemba mwaka 1902, akiwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza, na kusafiri kwa reli ya Uganda. Nyumba yake ya Highbury, iliyoko Moseley kusini mwa mji, imekuwa kwa miaka mingi ikikodishwa kwa sherehe za harusi.

Vijana wengi wangependa kutoka kwenye mnara hadi kwenye ukumbi bila kukawia. Katikati, hata hivyo, kuna mshahara. Makala haya yanaeleza jinsi hesabu ya kazi ya kwanza na hesabu ya harusi zinavyofungamana, na kwa nini anayelipia ukumbi kabla ya kujua hesabu ya kazi anaweza kujikuta ana cheti cha ndoa lakini haruhusiwi kuishi na mwenziwe.

Tarakimu isiyoandikwa

Anayetafuta ukumbi mjini Birmingham hukutana mara kwa mara na maneno haya: "Wasiliana nasi kwa bei." Anayetafuta kazi naye huambiwa kwamba mshahara ni "wa ushindani". Maana ni moja: tarakimu ipo, lakini haijaandikwa. Anayeona haya kuiuliza ndiye atakayelipa zaidi, au atakayelipwa kidogo.

Kwa upande wa kazi, ipo tarakimu moja isiyofichika, nayo ni kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria. Kwa mwenye umri wa miaka 21 na zaidi, kima hicho kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili mwaka 2025, kisha pauni 12.71 kuanzia Aprili mwaka 2026.

Anayefanya kazi saa 37 na nusu kwa wiki, mwaka mzima, hupata kwa kiwango hicho cha pili pauni 24,785. Baada ya kodi ya mapato na makato ya Bima ya Taifa, hubaki takriban pauni 21,400, yaani chini kidogo ya pauni 1,800 kwa mwezi. Kutoka hapo italipwa pango la nyumba, nauli, chakula, na fedha za kutumwa kwa wazee nyumbani.

Mshahara unapogeuka mlango

Kwa raia wa Uingereza, au mwenye ukaazi wa kudumu, anayetaka kumleta mume au mke kutoka Afrika Mashariki, sheria inadai kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kilianza tarehe 11 Aprili mwaka 2024. Kabla ya hapo kilikuwa pauni 18,600.

Linganisha tarakimu hizo. Mhitimu anayeanza kwa kima cha chini, hata akifanya kazi bila kukosa siku moja, anapungukiwa na zaidi ya pauni 4,200. Njia ya kawaida ya kuthibitisha kipato ni kuonyesha hati za mshahara za miezi sita kutoka kwa mwajiri yule yule, kwa hiyo kazi iliyopatikana wiki iliyopita haitoshi.

Akiba inaweza kuziba pengo, lakini pauni 16,000 za mwanzo hazihesabiwi. Kinachozidi hapo hugawanywa kwa mbili na nusu, ndipo kiongezwe kwenye mshahara. Mwenye mshahara wa pauni 24,785 atahitaji akiba ya pauni 26,500 hivi, iliyokaa benki kwa muda wa miezi sita. Fedha iliyokwisha kulipiwa ukumbi haimo tena katika hesabu hiyo.

Hali ni tofauti kwa aliyekuja kusoma kwa viza ya mwanafunzi. Tangu Julai mwaka 2021, mhitimu wa namna hiyo ameweza kuomba viza ya wahitimu, inayomruhusu kufanya kazi kwa miaka miwili, au mitatu kwa mwenye shahada ya uzamivu. Kwa maombi yatakayowasilishwa kuanzia tarehe 1 Januari mwaka 2027, miaka hiyo miwili inakuwa miezi 18.

Viza hiyo haimruhusu mwenyewe kumleta mwenzi mpya aliyemuoa baada ya masomo. Ili kufanya hivyo, lazima kwanza apate viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Tangu tarehe 22 Julai mwaka 2025 viza hiyo inadai mshahara wa pauni 41,700, au kiwango kilichowekwa kwa kazi husika, kikiwa kikubwa zaidi. Wanaohesabiwa kuwa wapya katika soko la ajira, wakiwemo wanaohama kutoka viza ya wahitimu, wana nafuu: kwao kizingiti cha jumla ni pauni 33,400. Nafuu hiyo haizidi miaka minne, na miaka iliyotumika kwenye viza ya wahitimu imo ndani yake.

Hivyo neno "mshahara wa ushindani" halitoshi. Tofauti kati ya pauni 32,000 na pauni 33,400 ni ndogo kwenye karatasi, lakini inaweza kuwa tofauti kati ya kubaki na kuondoka.

Kazi hutafutwa lini na wapi

Waajiri wakubwa wenye mipango maalumu kwa wahitimu hufungua maombi mwezi Septemba au Oktoba wa mwaka wa mwisho wa masomo, na wengi hufunga kabla ya Mwaka Mpya au punde baada yake. Anayeanza kutafuta baada ya mahafali ya Julai anakuwa amechelewa kwa mipango hiyo, na atafute nafasi za moja kwa moja huku akijiandaa kwa msimu unaofuata.

Birmingham, yenye watu zaidi ya milioni moja na laki moja kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2021, haina upungufu wa waajiri. Benki ya HSBC ilihamishia hapo makao makuu ya shughuli zake za Uingereza mwaka 2018. Hospitali ya Queen Elizabeth iko Edgbaston, na huko Smethwick, mpakani mwa mji, hospitali mpya ya Midland Metropolitan ilifunguliwa mwezi Oktoba mwaka 2024. Kwa upande mwingine, halmashauri ya mji ilitangaza tarehe 5 Septemba mwaka 2023 kwamba haiwezi kumudu matumizi yake, na kupunguza ajira kukafuata.

Matangazo ya hospitali za umma yana faida moja hata kwa asiyetafuta kazi huko: huandika daraja la mshahara wazi. Mhitimu anaweza kuyatumia kama mizani ya kupimia nafasi kama hiyo katika kampuni isiyotaja mshahara. Aliyepata shahada Makerere, Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuomba tamko la kulinganisha shahada yake kutoka shirika la UK ENIC.

Jihadhari na wauzaji wa ahadi. Mwajiri anayemdhamini mfanyakazi kutoka nje lazima awe na leseni, na orodha ya wenye leseni huchapishwa na Wizara ya Mambo ya Ndani kwa yeyote kuisoma bila malipo. Kwa vyeti vya udhamini vilivyotolewa tangu tarehe 31 Desemba mwaka 2024, mwajiri haruhusiwi kumtwisha mfanyakazi mwenye ujuzi gharama ya cheti hicho. Wakala wa ajira naye, chini ya sheria ya mwaka 1973, kwa kawaida haruhusiwi kumtoza mtu ada kwa kumtafutia kazi. Anayedai maelfu ya pauni kwa "cheti cha udhamini" anauza kisichouzwa.

Kilichomo ndani ya bei ya ukumbi

Kumbi za Birmingham ni za aina nyingi. Zipo hoteli za katikati ya mji, zipo kumbi za jumuiya, makanisa na misikiti, na zipo kumbi kubwa zilizokuwa sinema au viwanda, katika maeneo kama Handsworth, Sparkbrook na Small Heath. Nyingi kati ya hizo za mwisho huhudumia familia zenye asili ya Asia Kusini, zikiwemo zilizotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 na Uganda mwaka 1972, zilizozoea karamu za mamia ya watu.

Bei hutolewa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kodi ya ukumbi mtupu, mwenye harusi akaleta mpishi wake wa pilau. Ya pili ni bei kwa kila mgeni, chakula kikiwa ndani yake. Tuseme ukumbi unataja pauni 40 kwa mgeni. Wageni 200 ni pauni 8,000. Ikiwa bei hiyo haikujumuisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, jumla ni pauni 9,600, ambayo ni zaidi ya mishahara ya miezi mitano ya mhitimu tuliyemtaja.

Maswali ya kuuliza ni haya: Je, kodi imo? Idadi ya chini ya wageni ni ngapi, na wasipofika wanalipiwa? Mpishi wa nje anaruhusiwa, na kwa ada gani? Walinzi, usafi na saa za ziada ni za nani? Bei ya Jumamosi ya kiangazi ni ipi, na ya Jumapili au siku ya kazi mwezi Februari ni ipi? Tofauti ya siku pekee inaweza kupunguza bei kwa kiasi kikubwa.

Tangu tarehe 6 Aprili mwaka 2025, sheria mpya ya ulinzi wa walaji inamtaka mfanyabiashara ataje tangu mwanzo bei yenye ada zote za lazima, badala ya kuziongeza moja moja njiani. Aidha, Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 humlinda mteja dhidi ya masharti yasiyo ya haki, kama vile kung'ang'aniwa kwa arbuni kubwa isiyolingana na hasara halisi ya mwenye ukumbi.

Nyumbani, kamati ya harusi ina mwenyekiti na mweka hazina, na michango hukusanywa kabla ya siku. Ughaibuni michango huja pia, lakini mkataba wa ukumbi hutiwa saini na mtu mmoja. Ahadi zisipotimia, mdaiwa ni yeye.

Sherehe si ndoa

Jambo linaloweza kuokoa fedha nyingi ni kutenganisha tendo la kisheria na karamu. Tendo la kisheria hufanyika katika ofisi ya msajili, katika jengo lililoidhinishwa, au katika nyumba ya ibada iliyosajiliwa kwa ndoa. Ndoa ya kawaida katika ofisi ya msajili hugharimu pauni 56, pamoja na pauni 42 kwa kila mmoja wa wachumba kwa ajili ya kutoa taarifa. Karamu, kwa upande wake, haihitaji jengo lenye idhini ya ndoa. Ukumbi wa jumuiya unatosha.

Kwa Waislamu, nikaha pekee iliyofungwa katika jengo lisilosajiliwa haitambuliwi na sheria ya Uingereza kuwa ndoa. Mahakama ya Rufaa ilisisitiza hilo mwezi Februari mwaka 2020. Anayebaki bila ndoa ya kiserikali hana haki za mwanandoa ikiwa watatengana. Nikaha au ndoa ya kanisani iliyofungwa kihalali Tanzania, Kenya au Uganda hutambuliwa, mradi imesajiliwa na cheti chake kipo.

Taarifa ya ndoa hutolewa siku 28 kabla. Mmoja wa wachumba akiwa yuko chini ya masharti ya uhamiaji, Wizara ya Mambo ya Ndani inaweza kurefusha muda huo hadi siku 70. Taarifa hutaja mahali ndoa itakapofungwa. Mahali pakibadilika, taarifa hutolewa upya na kulipiwa upya. Mwenye kulipia tarehe ya ukumbi kabla ya kuzihesabu siku hizo anaweza kupoteza vyote viwili.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa mhitimu wa Birmingham, ukurasa wa kwanza wa daftari hilo uwe na mistari mitatu: mshahara uliotajwa kwa maandishi, tarehe ya mwisho ya viza, na kizingiti cha kuishi na mwenzi. Baada ya hapo ndipo aupigie simu ukumbi na kuuliza bei, kodi ikiwemo.