Hesabu ya Stima Kabla ya Kuchomeka



Huku Kawangware, Kangemi na Uthiru vikundi vingi vya kujisaidia vina biashara ya stima: saluni, kupiga pasi, kulea vifaranga, kibanda cha chai. Pesa za chama zinashuka mjini hadi Luthuli Avenue na kurudi zikiwa kifaa ndani ya katoni. Kifaa kinachomekwa, na baada ya siku chache soketi inanuka plastiki inayoungua, au tokeni za wiki zinaisha kwa siku mbili na wanachama wanaanza kuangaliana vibaya. Mara nyingi hakuna mwizi hapo. Ni hesabu haikufanywa, na hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawanya tu.

Fikiria tangi la maji lililo juu ya paa. Vile maji yanavyosukumwa na urefu wa tangi, ndivyo stima inavyosukumwa na volti. Maji yanayopita kwenye mpira kila dakika ni kama ampea. Mpira mwembamba huyabana maji, na kule kubanwa kwa stima ndiko tunaita ukinzani, unaopimwa kwa omu. Jina hilo linatoka kwa Georg Ohm, mwalimu Mjerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827: gawanya volti kwa ampea, utapata omu. Na ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, yaani nguvu ambayo kifaa kinakula.

Stima ya nyumbani hapa Kenya ni volti 240. Tuseme birika la chai linavuta ampea 10. 240 mara 10 ni wati 2,400. 240 gawanya kwa 10 ni omu 24. Pasi ya wati 1,200 je? Hapo unarudi nyuma: 1,200 gawanya kwa 240, ni ampea 5. Sasa angalia plagi yetu ya meno matatu. Fyuzi yake kubwa ni ya ampea 13, kwa hivyo soketi moja haifai kupita wati 3,120. Birika na pasi kwenye ekstensheni moja ni ampea 15. Tayari mmepita.

Lakini hatari kubwa tunayoiona si soketi, ni waya. Watu husahau kwamba waya nayo ina ukinzani wake. Joto linalobaki ndani ya waya hupatikana hivi: ampea mara ampea mara omu za waya. Chukua ekstensheni ya mita 20 yenye nyuzi nyembamba za shaba, zile za milimita mraba 0.75. Stima huenda na kurudi, kwa hivyo inapita mita 40 za shaba, na ukinzani wake unakaribia omu 0.9. Birika letu la ampea 10 likichomekwa hapo: 10 mara 10 mara 0.9 ni wati 90 zinazopasha waya badala ya maji. Waya ya milimita mraba 2.5 ya urefu ule ule ina omu kama 0.28, na joto lake ni wati 28 hivi. Ile nyembamba ikiwa imekunjwa kama kamba, au imepitishwa chini ya mkeka, joto halina pa kutokea na plastiki inaanza kuyeyuka. Kwenye nyumba za mabati na mbao zilizobanana, si nyumba moja itakayoungua.

Kiungo cha waya kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa nailoni ni kibaya zaidi. Kikiwa na omu 1 tu, ampea 10 zikipita ni wati 100 mahali padogo kama kidole. Si mnajua joto la balbu ya wati 100 ya zamani? Sasa iweke ukutani karibu na katoni. Hiyo si kitu ya kuchezea. Muite fundi mwenye leseni.

Hesabu hii inasaidia hata dukani. Mnauziwa hita kwa bei ya wati 2,000. Mwambie fundi apime kwa mita yake kabla haijachomekwa, maana omu hazipimwi kifaa kikiwa na stima. Zidisha 240 mara 240, kisha gawanya kwa omu alizosoma. Kwa wati 2,000 mita inafaa isome karibu omu 29. Ikisoma 58, hiyo ni ya wati 1,000 hata lebo ikisema nini. Njia hii ni ya vitu vya joto kama hita, pasi na birika. Kwa mashine zenye mota, fuateni lebo.

Jioni stima ikishuka hadi volti 200, birika lile la omu 24 huvuta ampea 8.3 tu na kutoa wati kama 1,670. Chai inachelewa, kifaa ni kizima. Msikimbie kununua kingine.

Tumalizie na tokeni, kwa sababu hapo ndipo vikundi hugombana. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Mwenye saluni anatumia mashine ya kukaushia nywele ya wati 1,200 kwa saa mbili kwa siku: uniti 2.4. Mwenye vifaranga ana balbu moja ya wati 100, lakini inawaka usiku na mchana: 100 mara saa 24 ni uniti 2.4 vilevile. Hao wawili walipe sawasawa, hata kama mwenye balbu atalalamika kwamba kitu chake ni kidogo.